Maua ya Chuma Dirishani kwa Flaviana

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, ngoja, nimekosea. Ishirini na mbili nilikuwa bado nakaa kwa Adela, binti wa ndugu yangu mmoja, kule Langley Park, barabara nzima imefukuliwa kwa ajili ya ile reli yao mpya, basi linakushusha mbali na unarudi nyumbani viatu vizito kama jembe la masika. Kwa Flaviana nilihamia mwisho wa mwaka ule. Basi ni ishirini na tatu, mwezi wa tatu, baridi ikianza kulegea. Nimeona niuweke mwaka sawa mapema, kwa sababu kuna kitu nilikiona kwa Adela kwanza. Kama ningekiona baadaye, nisingekuwa na kosa lolote katika habari hii.

Jina langu Kalisti. Shule niliishia darasa la nne, kisha nikajifunza useremala misheni, na useremala ndio ulionilisha pale Mkuu Rombo miaka thelathini na kitu. Tangu mke wangu afariki nimekuwa mtu wa kuhamahama. Miezi mitatu kwa huyu, miezi sita kwa yule; watoto wangu na watoto wa ndugu zangu waliopo huku Maryland wananipokezana kama redio ya ukoo. Sina malalamiko. Lakini habari ninayoiandika si yangu, ni ya Flaviana, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi kwake ni Baba mdogo.

Flaviana amelea watoto tangu yeye mwenyewe ni mtoto. Wadogo zake aliwabeba mgongoni huku anakata majani ya ng'ombe. Alipofika miaka ishirini akapata kazi ya yaya Dar es Salaam, kwa watu wa ubalozi, na wale watu walipohamishiwa Washington wakamchukua, kwa kuwa mtoto wao wa mwisho alikuwa hali mpaka Flaviana amwimbie. Wao wakahamishwa tena, yeye akabaki. Akalea watoto wa watu katika nyumba za Bethesda zenye ngazi mbili, moja ya wenyewe na moja ya kwake. Kisha akatunza wazee. Akaolewa na Dunstan, dereva wa basi, mtu wa maneno machache, wakanunua nyumba ya matofali Wheaton. Mtoto wa kuzaa hawakujaliwa.

Siku za baridi mimi hutembea ndani ya ile mall kubwa ya Wheaton, raundi tano, wazee wengi hufanya hivyo. Siku moja Flaviana alinisindikiza. Tulipofika kwenye duka la viatu akaganda. Mbele yetu alikuwa anakuja kijana mrefu, mzungu, na kikombe cha kahawa.

"Yule nimemlea mimi," akaninong'oneza. "Ona kovu juu ya nyusi. Aliteleza bafuni, nikambeba mbio mpaka hospitali bila viatu."

"Sasa mwite."

"Nimwite niseme nini, Baba mdogo? Jina langu hakuwahi kulijua. Alikuwa ananiita Nana."

Kijana akapita hatua mbili kutoka kwetu. Akamtazama Flaviana kama mtu anavyotazama nguzo asije akaigonga, akaendelea na simu yake.

Tulimaliza raundi zetu. Ndipo akasema, "Mimi nataka mtoto aingie kwenye mlango wenye jina langu. Akikua akisahau, asahau. Lakini jina liwe liliandikwa."

Na lilikuwa limeshaandikwa, kwa kiasi. Alisoma madarasa ya jioni, nyumba ikakaguliwa, akasajiliwa kuwa mlezi wa watoto nyumbani kwake. Cheti kilikuwa sebuleni, jina lake na la kaka yangu, ndani ya fremu. Hata mimi nilipohamia nilipelekwa kuchukuliwa alama za vidole na kupimwa kifua, kwa kuwa kila mtu mzima anayelala kwenye nyumba ya kulelea watoto lazima ajulikane. Wengine wangeona ni kudhalilishwa. Mimi nilivaa koti langu la kanisani. Nilijiona nami nimesajiliwa.

Watoto walikuwa wanne, wote pale sebuleni. Asubuhi meza inasukumwa ukutani, jioni inarudishwa. Dunstan akitoka kazini anakalia kidude cha plastiki kinalia kama bata. Mimi nilikuwa na kazi zangu. Naokota vitu, nafunga kamba za viatu. Kulikuwa na kasichana ka miaka mitatu, Mumbi, wazazi wake Wakenya, ambaye alinizoea kuliko wote. Kiswahili alikielewa chote, ila alikuwa anakijibu kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nakielewa nusu nakijibu kwa Kiswahili, tukawa tunaelewana vizuri sana. Kila saa nne ananiletea kiatu changu kimoja. Anaita, "Babu!" Nyumba nzima babu nilikuwa mimi tu.

Flaviana alitaka kukishusha kituo chini. Nyumba za huku nyingi zina chumba kikubwa chini ya ardhi, besimenti wanaita. Chake kilikuwa na makopo ya rangi na matairi ya Dunstan. Lakini sheria inasema watoto hawawezi kuwekwa chini ya ardhi mpaka pawe na njia ya pili ya kutokea, mbali na ngazi. Kwa hiyo ukuta ukatwe, litiwe dirisha kubwa la mtu kutokea, na nje yake lichimbwe shimo la kusimama. Sakafu mpya, choo kidogo, taa. Chumba kikipitishwa, ataongeza watoto. Na wa kwanza walishaahidiwa: mapacha wa Vaileth, muuguzi, Ethan na Solomon, mwaka mmoja na nusu. Bibi yao aliyekuwa anawalea alikuwa na tiketi ya kurudi Mwanza Jumatano ya mwisho wa mwezi, haibadilishwi. Flaviana alimpa Vaileth neno lake: Alhamisi asubuhi walete. Akabandika majina yao juu ya vigingi viwili vya makoti, vigingi vyenyewe havijapata hata ukuta, viko kwenye ubao uliolazwa mezani.

Nilipoisikia hiyo habari ya ukarabati nilienda chumbani nikatoa msumeno wangu. Nimeuleta kutoka nyumbani umefungwa kwenye kanga ya marehemu mke wangu.

"Mwanangu, msumeno huu hapa."

Flaviana akacheka kwa upendo. Heri angecheka kwa dharau, ningejua la kufanya. "Baba mdogo, wewe pumzika. Umeshafanya kazi ya kutosha duniani. Hii inataka kibali cha kaunti na fundi wanayemjua."

Alikuwa na haki. Mikono yangu inatetemeka asubuhi. Nikaurudisha msumeno kwenye kanga.

Fundi akaja. Njuguna, mtu wa Murang'a, miaka kama hamsini na nane, tumbo dogo, sauti kubwa. Aliingia akagonga ukuta kwa kidole cha kati, akaweka sikio, kama daktari.

"Hii ukuta imeoza hapa. Lakini usijali, mama. Tutaifanya mpaka ikusalimie."

Watoto wakacheka, ingawa hawakujua kilichosemwa.

Naandika ukweli: wivu ni kitu cha aibu kwa mtu wa miaka sabini na nne. Haukuja kama simba. Ulikuja kama chawa, mmoja mmoja. Wa kwanza ulikuwa kikombe. Ninacho kikombe changu cha bati cha bluu, kimepigwapigwa, nimekitoa Rombo. Siku ya pili nashuka chini nakuta Njuguna anakunywea chai ya tangawizi. Flaviana hakufikiri, alichukua kilichokuwa karibu. Nikasema si kitu. Nikanywa kwenye glasi, nikaungua vidole.

Wa pili ulikuwa chakula. Flaviana alipika machalari, ndizi za duka la Wasalvador na nyama yenye mfupa, kama mama yake alivyopika. Mimi nimekaa mle miezi, machalari nimeyala Krismasi na Mwaka Mpya. Njuguna aliyala Jumanne. Nilihesabu vipande vya nyama kwenye sahani yake. Vinne. Vyangu vitatu. Niliinamisha kichwa nikala, nikaona hata aibu ya kuhesabu.

Basi nikaanza kumtafutia makosa. Nilikuwa nashuka kila asubuhi na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Fundi, hiyo skrubu si ndefu mno?"

"Mzee Kalisti, hii board ni laini. Nikiweka fupi, mtoto akivuta atatoka nayo, yeye na ukuta."

"Na hiyo sakafu mbona hukuipigia ubao chini?"

"Maji, mzee. Mbao chini ya ardhi inaoza. Huku si Rombo." Akanipigia jicho. "Lakini endelea kuniuliza. Fundi hana macho mgongoni."

Kila mara alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Hakuna kinachoudhi kama hicho.

Wa tatu ulikuwa Mumbi. Siku moja saa nne ikafika, nimekaa kwenye kiti changu nimenyoosha mguu, kiatu hakiji. Nikaenda kwenye ngazi. Nikamwona kule chini, upande wa pili wa kigeti cha kuzuia watoto ngazini, amekaa mapajani kwa Flaviana wakiangalia kazi, ameshika futi ya Njuguna, anaivuta, anaiachia, inarudi fyaa, anacheka mpaka anakwama pumzi. Kisha akamwita. Akamwita "Babu Njuguna".

Nilirudi kwenye kiti. Nikavaa kiatu changu mwenyewe.

Kazi ilichukua wiki tatu. Alhamisi moja akaja mtu wa kaunti, akapima dirisha jipya, akalifungua, akalifunga, akatia sahihi. Bado alibaki mtu wa zimamoto, na huyo angekuja Jumanne, kukagua chumba kizima na watoto watakavyotoka moto ukitokea. Akisema ndiyo, Alhamisi inayofuata mapacha wanaingia. Flaviana alikuwa anaimba akikunja nguo.

Jumamosi Njuguna akaja hakuna aliyemtarajia, amevaa shati la kutokea, na gari lake nyuma limefunikwa turubai. Akatuita wote nje. Akafunua.

Ilikuwa grili ya dirisha. Chuma cheupe, kimepindwa maua, kila ua petali nne, na katikati ya kila ua kitufe cha shaba. Alikuwa ameichomelea mwenyewe gereji ya rafiki yake, usiku baada ya kazi.

"Hii hutalipa, mama. Hii ni yangu kwa hao watoto. Dirisha kubwa hivyo, chini hivyo, bila grili? Si ni kama kumwandikia mwizi barua aje?"

Nyinyi mliokulia nyumbani mnaelewa. Kwetu nyumba haijaisha mpaka iwe na nondo madirishani. Mtu anaweza kuhamia hakuna rangi, hakuna dari, lakini si bila nondo. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Dunstan mwenye maneno machache alizipiga zile nondo kwa kiganja akasema, "Sasa hii ni nyumba." Wakaipeleka shimoni nje ya dirisha, wakatoboa matofali, wakaifunga kwa bolti nane. Flaviana alisimama chumbani akitazama mwanga unavyopita kwenye maua na kuanguka sakafuni, akaanza kulia.

"Nyumba ya baba yangu ilikuwa na maua kama haya," akasema. "Hivi hivi. Nilikuwa naamka nayatazama."

Hapo ndipo wivu uliponichoma hasa. Madirisha ya nyumba ya kaka yangu niliyatengeneza mimi. Fremu ni mimi, vizingiti ni mimi, mbao za mkangazi nilizikausha mwaka mzima darini kwa mama. Grili ndiyo ilinunuliwa Moshi mjini, dukani, kama sukari. Na Flaviana miaka arobaini baadaye anakumbuka grili.

Sasa mnielewe ninachosema. Kwa Adela, mwaka uliotangulia, nilikuwepo. Adela naye ni mlezi aliyesajiliwa, ana kinyumba chake pembezoni mwa Langley Park, na watoto walikuwa wanalala chumba cha nyuma chenye nondo dirishani. Mtu wa zimamoto alizishika, akazitikisa, akatikisa na kichwa. Dirisha la kutokea haliwekwi chuma kisichofunguka. Adela alizitoa siku ileile, na aliyeshika ngazi wakati anazitoa ni mimi. Nilizibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye takataka.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua pale pale, turubai lilipofunuliwa. Neno lilikuwa mdomoni, limeshapanda ulimi.

Na Njuguna, Mungu amlinde, akanigeukia mbele ya wote akasema, "Mzee, wewe ni fundi wa siku mingi. Mimi wananisifu tu. Wewe niambie ukweli. Iko na kasoro?"

Wakanitazama. Flaviana na machozi yake, Dunstan, Njuguna na shati lake la kutokea. Nikaenda, nikaishika ile grili kwa mikono miwili, nikaivuta.

"Iko imara," nikasema. "Hata ng'ombe hang'oi."

Wakacheka. Njuguna akanipa mkono, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili kwa heshima. Na mimi sikuwa nimesema uongo. Ndivyo nilivyojiambia Jumapili nzima kanisani.

Jumatatu nilijaribu. Flaviana alikuwa jikoni anakoroga uji.

"Mwanangu, lile dirisha..."

"Enhe, Baba mdogo?"

Mumbi akapita na nyundo ya plastiki, anagonga kila mguu wa kiti, na kila mguu anaoupiga anasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye ni Babu Njuguna, anatengeneza.

"Linaingiza mwanga vizuri," nikasema.

"Ee, kabisa!" Akatabasamu, akanimiminia uji. "Hivi Baba mdogo, tungempata wapi fundi kama yule?"

Nikanywa uji wangu.

Mtu wa zimamoto alikuja Jumanne saa tatu na nusu. Kijana mpole, kalamu sikioni, aliwasalimia watoto wote kwa majina kutoka kwenye vibandiko vya vifuani mwao. Akapitia vitambua moshi, akapitia taa, anatia alama, anatia alama. Flaviana akinitafsiria kwa furaha: "Amesema hii safi. Amesema na hii safi." Kisha akafika dirishani. Akalifungua. Akaingiza mkono katikati ya ua moja, akavuta. Akavuta tena.

"Hii inafungukaje?"

"Haifunguki," Flaviana akajibu, bado anatabasamu. "Ni ya usalama."

"Usalama wa nini?"

"Wezi."

Yule kijana hakucheka. Akachuchumaa, akawa urefu wa mtoto, akalitazama dirisha kutoka pale chini. Akasema mwizi akija ataiba televisheni, na televisheni hulipwa. Moto ukija kwenye ngazi, hawa wanne na mama mwenyewe watatokea wapi? Tena akauliza, hata bila hicho chuma, mtoto wa kimo hiki atafikia pale juu kwa kupanda nini? Akaandika mambo mawili kwenye karatasi: chuma kitolewe, na iwekwe ngazi imara chini ya dirisha. Flaviana akamwambia kitatoka leo, sasa hivi, arudi kesho. Kijana akaangalia simu yake, akaangalia tena, nikaona kweli anatafuta. Siku ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu.

Jioni Vaileth akaja na mfuko wa nepi na shuka mbili ndogo za kitanda. Alikuwa amekuja kupanga vitu. Flaviana akamweleza wamesimama mlangoni.

"Wiki tatu, dada? Mama mkwe anaruka kesho! Nina zamu Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi."

"Niwaweke juu sebuleni?"

"Na leseni yako? Wakija wakahesabu?" Vaileth akafunga macho. "Hapana. Usiharibu jina lako kwa ajili yangu."

Alipata mlezi mwingine, mama mmoja wa Greenbelt, kwa kupigapiga simu usiku kucha. Flaviana hakumlaumu mtu. Ijumaa nilimkuta chini peke yake, anayabandua yale majina juu ya vigingi kwa kucha. Ethan lilitoka zima. Solomon liligoma, likatoka vipande vipande, akabaki anakwangua ile gundi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Njuguna alikuja kuikata grili yake mwenyewe. Safari hii sauti hakuja nayo. Alitaka mtu wa kuishikilia isianguke ikilegea, nikaenda mimi, tukasimama wawili ndani ya lile shimo, vifua vinakaribia kugusana, cheche zinaruka.

"Mzee, nimeharibia mama kazi," akasema alipozima mashine. "Mimi na miaka ishirini na mbili hapa. Madirisha nimeweka mia. Nyumba ya watoto ndiyo ilikuwa ya kwanza." Akapangusa uso. "Lakini najiambia, hata mzee Kalisti, na uzoefu yake yote, hakuona. Hiyo inanituliza roho kidogo."

Nilikuwa nimeishika grili, nzito, ina moto bado. Sikuiachia. Tukaitoa pamoja.

Ilikuwa Jumatatu iliyofuata, saa sita, watoto wanakula. Adela akapiga simu kumpa Flaviana pole. Flaviana mikono yake ilikuwa na wali, akaiweka simu mezani, sauti ya wote kusikia.

"Pole mdogo wangu! Nimesikia. Na mimi mwaka jana si walinikatalia vilevile? Nondo zangu zote nje! Kwani Baba mdogo hakukwambia? Si ndiye aliyenishikia ngazi?"

Nilikuwa nimekaa palepale, nampulizia Mumbi wali upoe.

"Haya, Adela," Flaviana akasema. "Nitakupigia." Akaizima kwa kiwiko.

Akamfuta mdomo mtoto mmoja. Akamfuta wa pili. Akamfuta wa tatu, ambaye alikuwa hajachafuka. Hakunitazama. Nilingoja aseme lolote, anipigie kelele, anifukuze, nilishapanga kichwani mwangu begi langu na basi la kwenda kwa mwanangu. Alinyanyua sahani akaenda kuziosha.

Asubuhi yake nilipofika mezani nilikuta futi, penseli na ile karatasi ya mtu wa zimamoto.

"Baba mdogo," akasema, mgongo umenielekea, "wanataka ngazi ya watoto chini ya dirisha. Vidato viwili na pa kushika. Isiyumbe. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Wiki mbili."

Nilifungua kanga. Mbao alileta Njuguna, mwaloni mzuri, na tulipofika pa kukata alinishikia ubao upande wa pili, akaniacha nikate kwa mkono, polepole, hakunipa mashine yake wala hakunihurumia. Mkono ulitetemeka, nilikata baada ya chakula cha mchana, unapotulia. Kila pembe niliizungusha. Nilipiga msasa siku nne, kisha nikawa najaribu kwa shavu langu, maana kiganja cha fundi ni kigumu hakisikii kibanzi. Flaviana aliniona siku moja nimepiga magoti nimelaza shavu kwenye kidato. Alisimama kidogo. Akaendelea na kazi zake.

Wa kwanza kupanda alikuwa Mumbi. Alipofika juu alishika dirisha, akatazama nje, akatutazama mimi na Njuguna tuliosimama pamoja, akaita "Babu!" Tukageuka wote wawili. Sijui alikuwa anamwita nani.

Mtu wa zimamoto alirudi, akaikanyaga ile ngazi kwa kiatu chake kizima, akaruka juu yake mara mbili, akatia sahihi. Sasa watoto wako chini, wamefika saba, na mlangoni kuna kibao chenye jina la Flaviana na la kaka yangu. Mapacha wa Vaileth hawakurudi. Wamezoea Greenbelt, wanapendwa huko. Grili iko uani nyuma ya nyumba, imeegemezwa ukutani, na Flaviana amepandishia maharage, yametambaa mpaka kwenye vitufe vya shaba.

Mimi nimeshahama tena. Kabla ya kuondoka nilimuuliza Flaviana swali moja, jioni wazazi wameshachukua watoto wao, anaosha vikombe vidogo. Alifunga bomba. Nikadhani atajibu. Akanimiminia chai, kwenye kikombe changu cha bluu, akakiweka mbele yangu, akafungua bomba tena. Mara ya pili nilimuuliza kwa simu, nikasikia watoto nyuma yake wanaimba, akasema, "Ngoja Baba mdogo, kuna anayelia," na hakurudi. Njuguna nilimweleza yote, naye nikamuuliza yeye anaonaje. Akanikumbatia, akaniambia nimsalimie mwanangu. Basi naliandika hapa kama nilivyolisema siku ile jikoni: Flaviana, ile ngazi ulinipa kwa kuwa umenisamehe, au ulinipa ili nisipate tena sababu ya kunyamaza?